Pendwa na Nani? Maoni ya Wasomaji juu ya Riwaya za Mfululizo za Upelelezi na Ucheshi

Mhadhara wa hadhara wa taaluma za Kiswahili, Kigongo, Misungwi, Mwanza

1.0 Utangulizi

Awali ya yote, natoa shukrani zangu kwa kualikwa kuzungumza juu ya jambo ambalo katika idara zetu huzungumzwa zaidi wakati wa chai kuliko darasani. Jambo lenyewe ni riwaya ya upelelezi inayochekesha, ile ambayo shujaa wake harudi kaburini wala hastaafu, bali hutoka kitabu hiki akaingia kile, na wasomaji wake wakamfuata. Sikusudii kuichambua riwaya hiyo kwa namna tuliyoizoea. Nakusudia kuwazungumzia wasomaji: wanayoyasema baada ya kufunga kitabu, wanayoyasifu, wanayoyalalamikia, na jinsi maoni yao yanavyopaswa kuingia katika taaluma yetu.

Hoja yangu ya msingi ni moja. Wasomaji wa riwaya za mfululizo ni wahakiki. Wana vigezo vyao, wanavitumia kwa ukali, na vigezo hivyo si vile tunavyowafundisha wanafunzi wetu. Kwa kuwa hatukuviandika, tunazo historia nzuri za waandishi na vitabu vya Kiswahili, lakini hatuna historia ya usomaji wa Kiswahili. Na watu wanaoweza kutusaidia kuiandika wanazidi kupungua kila mwaka.

Mahali tulipokutana pana mantiki yake. Kwa miaka mingi Kigongo palijulikana kuwa mahali pa kungoja. Magari yaendayo Sengerema na Geita yalipanga foleni hapa yakisubiri kivuko cha Busisi, na abiria waliteremka, wakanunua samaki na mahindi ya kuchoma, wakafungua gazeti au kitabu. Tangu tarehe 19 Juni 2025, lilipofunguliwa daraja lenye urefu wa kilomita 3, mtu huvuka kwa dakika chache akiwa ndani ya gari. Hakuna mwenye akili timamu atakayelilia foleni, hasa aliyewahi kungoja humo akiwa na mgonjwa. Hata hivyo, mwanafunzi wa fasihi hana budi kukumbuka kwamba usomaji nao una mahali pake na muda wake. Riwaya ya upelelezi ni kitabu cha mtu anayengoja. Mahali pa kungoja panapoondoka, msomaji aliyekuwapo hapo huondoka pia, na asipoulizwa mapema huondoka na maoni yake.

2.0 Neno «pendwa»

Tuanze na istilahi. Kwa muda mrefu sasa tumeigawa riwaya ya Kiswahili katika mafungu mawili: riwaya dhati na riwaya pendwa. Mgawanyo huu umeingia katika vitabu vya kiada, katika mitihani, na katika vichwa vya wanafunzi wetu. Mwanafunzi anajua kuwa Nagona ya Euphrase Kezilahabi iko upande mmoja, na Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla iko upande wa pili. Anajua pia, bila ya kuambiwa waziwazi, upande upi unaheshimiwa.

Lakini tulitazame neno lenyewe kisarufi. «Pendwa» limetokana na kitenzi «penda» katika kauli ya kutendwa. Katika kauli hii mtendwa hutangulia, na mtenda huweza kutajwa kwa kiunganishi «na» au huweza kuachwa kabisa. Tunaposema «riwaya pendwa» tumemtaja mtendwa tukamwacha mtenda. Imependwa, na nani? Istilahi yetu imekiri kwamba kuna mtu aliyependa, kisha ikamfungia mlango.

Si ajabu kwamba ilikuwa hivyo. Uhakiki wa Kiswahili ulikua sana katika miaka ya 1970 na 1980, wakati ambapo swali lililotawala lilikuwa fasihi inamfaidia nini mkulima na mfanyakazi. Swali hilo lilikuwa la haki, na lilizaa kazi za maana. Hata hivyo, lilimweka mhakiki katika nafasi ya kumsemea msomaji. Mhakiki aliposema kwamba kitabu fulani kinawapumbaza wasomaji, hakuwa amewauliza wasomaji iwapo wamepumbazwa.

Katika Ulaya na Marekani nako msomaji alichelewa kukaribishwa. Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa mwaka 1967 huko Konstanz, Ujerumani, alidai kwamba historia ya fasihi haiwezi kukamilika bila ya kuangalia upeo wa matarajio ambao msomaji huwa nao kabla ya kufungua kitabu. Mwaka 1984 Janice Radway wa Marekani alichapisha utafiti wake juu ya wanawake wasomao riwaya za mapenzi; badala ya kukisia kwa nini walizipenda, aliwaendea akawauliza. Majibu yao yalionyesha kwamba kitendo chenyewe cha kusoma, yaani kujitengea saa moja ambayo si ya mume wala ya watoto, kilikuwa na maana kubwa kwao sawa na hadithi iliyosomwa. Jambo hilo lisingeweza kupatikana katika kitabu chochote kati ya walivyovisoma.

3.0 Msaka watoro wa Trenton

Ili tuone wasomaji wakifanya kazi ya uhakiki, tutazame kwanza mfano wa mbali, kisha turudi nyumbani.

Mwaka 1994 mwandishi wa Marekani, Janet Evanovich, alitoa riwaya iitwayo One for the Money. Shujaa wake ni Stephanie Plum, mwanamke wa mji wa Trenton katika jimbo la New Jersey, aliyepoteza kazi ya kununulia duka nguo za ndani za kike. Kwa shida ya fedha anamwendea binamu yake Vinnie, mwenye ofisi ya kuwawekea watu dhamana, na kumlazimisha ampe kazi ya kuwasaka washtakiwa waliotoroka. Mtoro wake wa kwanza ni Joe Morelli, polisi anayetuhumiwa kwa mauaji, ambaye wanafahamiana tangu utotoni. Tangu hapo mfululizo huo umepita vitabu 30, karibu vyote vikibeba namba katika majina yao.

Msaka watoro huyu si hodari. Bastola yake huihifadhi jikoni katika kopo la biskuti. Magari yake huungua au hulipuliwa. Bibi yake, Mazur, hupenda kwenda kuwaangalia maiti kama wengine wapendavyo kwenda sinema. Mwenzake Lula huja na kelele nyingi kuliko msaada. Mtoro hukamatwa, naam, lakini mara nyingi kwa bahati na kwa ukaidi kuliko kwa hesabu.

Wasomaji wa mfululizo huu wamegawanyika, na mgawanyiko wao unafundisha. Wapo wanaosema kwamba vitabu vya mwanzo vilikuwa na hatari ya kweli ndani ya kicheko, na kwamba baadaye kicheko kikabaki peke yake. Wapo wanaochoshwa na shujaa ambaye kwa miaka yote hiyo hajaamua kati ya Morelli na yule mwanamume mwingine, Ranger. Kwa upande mwingine, wapo wanaosema: hatutaki abadilike. Wanataka gari liungue. Kitabu ambacho gari halikuungua wangekiona kama harusi isiyo na pilau.

Msomaji wa juujuu atasema kwamba wasomaji hawa wanajipinga: wanalalamikia yale yale, na wakinyimwa yale yale wanalalamika. Kwa hakika hawajipingi. Wanatofautisha mambo mawili ambayo nadharia zetu huyachanganya: tabia ya mtu na tukio la kisa. Wanataka mtu awe yule yule, na tukio liwe jipya. Tukio likijirudia, wanasema mwandishi amechoka. Mtu akibadilika, wanasema mwandishi amewasaliti. Hicho ni kigezo kamili cha uhakiki, na hakikutoka chuo kikuu chochote.

Hebu sasa tukivushe kitabu hicho Busisi, tumpe msomaji wa hapa. Swali lake la kwanza litahusu ile kazi yenyewe. Marekani ni miongoni mwa nchi chache mno ambako kumwekea mtu dhamana ni biashara: mwenye ofisi humdhamini mshtakiwa, hutoza ada ambayo kwa kawaida ni asilimia 10 ya dhamana, na mshtakiwa akitoroka humtuma msaka watoro. Kwetu dhamana haiuzwi dukani. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, mdhamini hutia saini hati ya kiasi fulani cha fedha, na aliyemdhamini asipofika mahakamani, mdhamini anaweza kulazimishwa kulipa. Mdhamini huyo ni nani? Ni mjomba, ni shemeji, ni mwalimu mstaafu mwenye kiwanja, aliyekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuchukua barua ya utambulisho.

Kwa hiyo msaka watoro wa Kitanzania yupo, isipokuwa halipwi. Ni mjomba mwenyewe, aliyevaa koti lake la kanisani, akizunguka minadani na visiwani kumtafuta mpwa aliyemwacha na hati ya dhamana mkononi. Anauliza kwa upole, kwa sababu akitaja mahakama ndugu watamficha kijana. Anakaribishwa chai na watu wanaojua fika mtoro amelala chumba cha pili. Riwaya hiyo bado haijaandikwa, nami naitoa bure kwa mwanafunzi yeyote aliyeko hapa. Lakini tazameni kilichotokea: swali la msomaji, «mdhamini wake yuko wapi?», limefichua tofauti ya sheria, ya ukoo na ya ucheshi baina ya jamii mbili. Mtoro wa Trenton amevunja mkataba wa kibiashara. Mtoro wa Sengerema amemvunjia mjomba heshima. Swali kama hilo lina uzito wa sura nzima ya tasnifu.

4.0 Bwana Msa na wasomaji wake

Turudi sasa nyumbani. Mfululizo wa kwanza mkubwa wa upelelezi katika Kiswahili ni ule wa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918 na kufariki 1991. Alikuwa mwandishi wa habari na mhariri. Miongoni mwa magazeti aliyoyahariri ni Zanzibari na Mkulima. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda katika mashindano ya uandishi ya Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki ya mwaka 1957/58, ikachapishwa 1960. Zikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984).

Imesemwa mara nyingi, na ni kweli, kwamba Bwana Msa ana undugu na Sherlock Holmes: ana kiko chake, ana mwenzake Najum afananaye na Watson, na ana mazoea ya kuona kile ambacho wengine wamekitazama tu. Baada ya kusema hivyo, wahakiki wengi hutua kalamu, kana kwamba kujua mtu alikonunua kitambaa ni kujua kanzu ilivyoshonwa.

Wasomaji hawakutua hapo. Wasomaji wa Bwana Msa, wakiulizwa wanakumbuka nini, ni nadra kuanza na muuaji. Huanza na mazungumzo: jinsi watu wa Abdulla wanavyobishana, wanavyotaniana, wanavyojibizana kwa methali hadi hoja ikapotea, na jinsi Bwana Msa anavyowaacha waseme kwa sababu anajua kwamba mtu anayesema sana hujitaja. Hulikumbuka hata jina, ambalo ni herufi za mwanzo za majina ya mwandishi mwenyewe. Nao hulichukulia jambo hilo kama utani baina yao na mwandishi. Kwa wasomaji hawa, lugha ya Kiunguja iliyopikwa ikaiva ndiyo kitabu, na fumbo la mauaji ni chungu kilichopikiwa.

Hapa nataka kuongeza jambo ambalo maoni ya wasomaji yanatuelekeza kwalo. Tunaposema kwamba mfululizo wa upelelezi uliletwa kutoka Uingereza, tunasahau kwamba msomaji wa Kiswahili hakumpokea Bwana Msa akiwa mikono mitupu. Alikwisha kuwa na Abunuwasi na Sungura. Abunuwasi ni nani, kama si mtu yule yule anayerudi katika kisa baada ya kisa, akiletewa shauri lisilokatika, akalikata kwa akili na kwa kicheko? Na Sungura, ambaye bibi na babu wa kanda hii ya Ziwa wamemsimulia kwa Kisukuma, kwa Kizinza na kwa Kikerewe kabla ya kumsimulia kwa Kiswahili, ni shujaa wa mfululizo mrefu kuliko wowote uliochapishwa. Hakuna mtoto aliyewahi kulalamika kwamba Sungura habadiliki. Upeo wa matarajio, kwa lugha ya Jauss, ulikuwa umekwisha kujengwa jikoni, kwenye mafiga.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, Bwana Msa alikubaliwa upesi. Na ndiyo maana pia kicheko chake ni tofauti na cha Stephanie Plum. Katika vitabu vya Evanovich anayechekwa ni msakaji mwenyewe. Katika vitabu vya Abdulla anayechekwa ni Najum anayekisia mapema, ni shahidi mwenye majivuno, ni mtu anayeogopa mzimu ilhali aliyeua ni binadamu. Bwana Msa hucheka pamoja nasi, lakini ni vigumu kumcheka. Msomaji anayelalamika kwamba «Bwana Msa anajua mno» amegusa jambo la kweli: heshima ya mkubwa katika jamii ya mwandishi imekiwekea kicheko mpaka. Nadhani mwandishi mwenyewe aliyasikia malalamiko ya namna hiyo. Mtu hakiiti kitabu Kosa la Bwana Msa bila ya kujua kwamba wapo wanaongoja kuliona kosa hilo.

Tukiwalinganisha wapelelezi wengine, tunaona kwamba wasomaji waliwapanga kwa kigezo ambacho sisi hatukukitumia: nani ana haki ya kuuliza maswali. Inspekta Wingo wa Katalambulla, katika Simu ya Kifo (1965), ni polisi. Anauliza kwa sababu ni kazi yake. Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza na Kufa na Kupona (1974), ni mpelelezi wa serikali, na maswali yake yamebeba harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika. Joram Kiango wa Ben Mtobwa anajitegemea, na mara nyingi dola haijui imshukuru au imkamate. Bwana Msa hana cheo wala mshahara. Anauliza kwa sababu ni mtu mzima, jirani, mwenye adabu, na watu humjibu. Ucheshi unamfaa zaidi yeye kuliko wenzake, kwa kuwa pasipo bastola wala pingu hakuna kitu kingine cha kumfungua mtu kinywa ila maneno.

5.0 Kitabu kisicho na ukurasa wa mwisho

Tuulize sasa: maoni ya wasomaji hupatikana wapi? Si katika majarida yetu. Yako katika barua kwa wahariri, katika majina yaliyoandikwa ndani ya jalada, katika alama za kalamu pembezoni mwa kurasa, na zaidi ya yote katika uchakavu wa kitabu chenyewe.

Riwaya ya upelelezi nchini mwetu haikusomwa na mnunuzi peke yake. Iliazimwa. Ilitoka kwa mwalimu ikaenda kwa karani, kwa dereva, kwa mpishi wa kivuko, kwa mwanafunzi aliyeificha ndani ya daftari la hesabu. Kila mkono uliongeza uchakavu: kwanza likatoka jalada, kisha ukurasa wa kwanza, na hatimaye, msiba mkubwa, ukurasa wa mwisho. Katika riwaya dhati, ukurasa wa mwisho ukipotea, msomaji hupoteza tafakuri. Katika riwaya ya upelelezi hupoteza muuaji.

Msomaji afanye nini? Ama amtafute aliyekisoma kitabu kikiwa kizima, ama akae na wenzake wajadiliane nani aliua na kwa ushahidi gani. Hapo ndipo uhakiki unapozaliwa. Mmoja atasema ni mke, kwa kuwa hakulia. Mwingine atasema mwandishi huyu hapendi kumfanya mke awe muuaji. Wa tatu atasema kwamba kama ni mtumishi, basi mwandishi ametudanganya, kwani hakututajia mtumishi hadi sura ya tisa. Huyo wa tatu, Ndugu Mwenyekiti, ameitamka kanuni ya haki katika utunzi wa fumbo: msomaji apewe dalili zote alizopewa mpelelezi. Ameitamka bila ya kuisoma popote. Kama tungekuwa na kumbukumbu za mijadala mia moja ya namna hiyo, tungekuwa na nadharia ya riwaya ya upelelezi iliyotoka ndani ya Kiswahili.

Wasomaji wa pwani hii ya Ziwa wana jambo jingine la kutufundisha: kwamba hukumu yao hudumu kuliko hukumu ya ofisi. Kezilahabi, mwana wa Namagondo, Ukerewe, alitoa Rosa Mistika mwaka 1971. Kwa muda riwaya hiyo ilipigwa marufuku mashuleni. Wasomaji waliendelea kuisoma, na leo hakuna historia ya riwaya ya Kiswahili inayoweza kuiruka. Aniceti Kitereza, wa Ukerewe pia, alimaliza Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe katika miaka ya 1940, na haikupata wachapishaji wa Kiswahili hadi 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Katika kisa cha kwanza wasomaji walisema wakashinda. Katika cha pili kwa miongo mitatu na zaidi hawakupewa kitu cha kusemea. Visa vyote viwili vinaonyesha ni gharama gani hulipwa pale msomaji anapowekwa mwisho wa foleni.

6.0 Sauti ambayo hatujaisikia

Nisieleweke kwamba msomaji hakosei. Wasomaji husifu kitabu kwa sababu kilisomwa katika siku njema, na hukilaumu kwa sababu ya bei. Huvumilia uvivu wa lugha mradi mbio ziwepo. Maoni yao ni ushahidi, na ushahidi huulizwa maswali, kama Bwana Msa angefanya.

Swali zito kuliko yote ni hili: msomaji tunayemnukuu katika fikra zetu ni yupi? Tazameni orodha ya mashujaa niliowataja: Msa, Wingo, Gamba, Kiango. Wote ni wanaume. Mwanamke katika vitabu hivyo, mara nyingi, ni maiti, ni mtego, au ni msaidizi mrembo. Wahakiki wameligusa jambo hili kwa upande wa usawiri wa wahusika. Lakini wasomaji wanawake walivisomaje vitabu hivyo? Je, walimfuata Willy Gamba, au walimfuata yule mwanamke aliyemdanganya hadi sura ya kumi na mbili? Je, walicheka pale ambapo kaka zao walicheka? Hatujui, kwa sababu hatukuuliza. Neno «pendwa» limeficha wapendao wawili kana kwamba ni mmoja.

Mfululizo wa Evanovich umeandikwa na mwanamke, juu ya mwanamke anayefanya kazi inayodhaniwa kuwa ya wanaume, akikosea mbele ya mama yake na akialikwa chakula cha jioni baada ya kukosea. Kiswahili hakijapata mpelelezi wa namna hiyo aliyedumu katika vitabu vingi. Inawezekana kwamba wasomaji wake wamekuwapo muda wote, wakimngoja, na sisi hatukuwa na daftari la kuandika kwamba wanangoja.

7.0 Kazi iliyo mbele yetu

Napendekeza mambo matatu.

Kwanza, kila mwanafunzi wa fasihi katika mwaka wake wa pili awahoji wasomaji watatu wa riwaya za mfululizo, angalau mmoja wao akiwa amezidi miaka 60, na angalau mmoja akiwa mwanamke. Asiwaulize «dhamira ni ipi?», kwani watamjibu kama wanaofanya mtihani. Awaulize: nani alikuazima? Ulisomea wapi? Ulicheka wapi? Uliacha wapi, na kwa nini? Ungependa mpelelezi huyu awe shemeji yako? Swali hili la mwisho si la mzaha. Linapima heshima, na heshima ndiyo mizani ambayo wasomaji wetu huwapimia wahusika.

Pili, maktaba zetu ziache kuvitupa vitabu vilivyochakaa vya miaka ya 1960 hadi 1990 kabla ya kuandika yaliyomo pembezoni. Nakala safi hutupa matini ya mwandishi. Nakala chafu hutupa matini ya msomaji.

Tatu, tuwafuate wasomaji wa leo kule waliko. Uta Reuster-Jahn wa Ujerumani amekwisha kutuonyesha jinsi riwaya za kuendelea katika magazeti ya Tanzania zilivyotungwa kwa kufungamana na soko na msomaji. Leo hadithi hizo huuzwa kwa vipande kupitia simu za mkononi, na msomaji asiyeridhika huacha kulipia kipande kinachofuata. Maoni hayo ni makali kuliko makala yoyote ya jarida, nayo hupotea simu inapofutwa.

8.0 Hitimisho

Katika mhadhara huu nimejaribu kuonyesha kwamba maoni ya wasomaji juu ya riwaya za mfululizo za upelelezi na ucheshi ni uhakiki wenye vigezo: mtu asibadilike na tukio lisijirudie, dalili zisifichwe, lugha iwe tamu hata kama fumbo ni jepesi, anayeuliza maswali awe na haki ya kuuliza. Nimeonyesha pia kwamba vigezo hivyo vina mizizi katika Abunuwasi na Sungura, katika mila ya kuazimana, na katika mabishano ya watu walioachiwa kitabu bila ya ukurasa wa mwisho.

Wenye kumbukumbu hizo bado wapo. Wako Kigongo, wako Busisi, wako Sengerema, Ukerewe na mjini Mwanza: madereva waliostaafu, walimu wa zamani, mama waliouza chai kwenye foleni wakisikiliza mtu akisoma kwa sauti. Wanafunzi wangu, kabla hamjauliza tena riwaya hii inafundisha nini, waendeeni hao, mkaketi, mkawaulize iliwapendeza nini. Mtakapopata majibu, neno «pendwa» litakuwa limempata mtenda wake, na sarufi yetu itakuwa imekamilika.